Ramana, Nisargadatta, Spira, Dzogchen au zikri: uanze na njia ipi ukiwa Mwanza

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa hapa Mwanza ni fupi: "Mzee, nianze na nani?" Wengi wao wameyakuta mafundisho haya ya kuamka kiroho kwenye simu. Mmoja kampenda Mooji kwa sababu ni mweusi mwenzetu, mwingine katumiwa video za Eckhart Tolle na rafiki baada ya kufiwa, wa tatu kasikia mahali kwamba "wewe si mwili wala mawazo" na tangu hapo hatulii mpaka aelewe. Wakishasikiliza kwa miezi kadhaa, wanakwama. Walimu ni wengi, wote wanasema ukweli ni mmoja, lakini maelekezo yao yanagongana: huyu anasema jiulize, yule anasema usifanye lolote, mwingine anasema bila mwalimu aliyekabidhiwa kazi na mwalimu wake hufiki popote.

Kwa aliye mgeni, jambo lenyewe ni hili. Yule "mimi" tunayemtetea kutwa nzima, mwenye jina, kabila, madeni na machungu, siye tulivyo hasa. Upo ufahamu ambao ndani yake mwili, mawazo na huyo "mimi" vinaonekana, na ufahamu huo haujatengana na uhalisia wote. Hakuna wawili. Kuamka, kwa walimu hawa, ni kulitambua lililokuwepo tangu mwanzo.

Huko mwisho wa safari wanafanana sana, kwa hiyo kulinganisha mwisho hakumsaidii anayechagua. Mimi ninaangalia mambo matatu: njia inakudai nini Jumatatu asubuhi, nani anakushika ukiyumba, na kama utaweza kuishi nayo nyumbani kwenu, katika imani uliyolelewa nayo. Nitasema wazi pia ninayempendelea.

Ramana na Nisargadatta

Ramana Maharshi alizaliwa mwaka 1879 huko Tiruchuli, kusini mwa India. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16 na afya njema, hofu ya kifo ilimvamia ghafla nyumbani kwa baba yake mdogo, mjini Madurai. Hakumwita mtu. Alijilaza chini, akaukaza mwili kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, mimi nimekufa? Wiki chache baadaye aliondoka bila kuaga kwenda mlima Arunachala, katika mji wa Tiruvannamalai, akaishi hapo hadi alipofariki mwaka 1950.

Njia yake inaelezeka kwa mistari michache. Wazo likija, usiligombeze wala usilifuate. Uliza: limemjia nani? Jibu litakuwa: mimi. Basi huyo mimi ni nani? Halafu nyamaza, utazame hisia hiyo ya "mimi" inatokea wapi. Jibu la maneno halitakiwi. Ukisema "mimi ni roho" au "mimi ni ufahamu" umeongeza wazo moja juu ya mengine, na swali linabaki palepale: wazo hilo nalo limemjia nani?

Tuliweke kwenye daladala ya Igoma, saa moja asubuhi. Konda amekurudishia chenji pungufu, mia mbili haipo. Unamwita, anajifanya hasikii, ananing'inia mlangoni akiita abiria. Joto limepanda kifuani, taya zimekaza, maneno ya kumwambia yameshajipanga. Hapo ndipo pa kuuliza: hasira hii inamjia nani? Usiulize ili hasira iondoke. Uliza kwa kutaka kweli kumwona mwenyewe. Unachokuta ni joto kifuani, sauti kichwani, picha ya uso wa konda, na vyote hivyo unaviona. Mwenye hasira uliyemtegemea humkuti. Mia mbili yako idai, ni haki yako. Utashangaa tu kwamba sauti inayodai si ile uliyokuwa umeiandaa.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kitu. Haina ada, haina vazi, haikuhamishi dini, na msingi wake unapatikana kwenye kijitabu kifupi cha majibu aliyompa Sivaprakasam Pillai mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa asiyeweza kuhoji, Ramana aliacha mlango wa pili wazi: kujisalimisha kwa Mungu moja kwa moja, bila kubakiza kitu pembeni. Kwake milango hiyo ilifika chumba kimoja. Sisi tuliokulia kwenye "Mungu akipenda" tunaujua mlango huo wa pili kuliko tunavyodhani, japo mara nyingi tunaishia kwenye kuutamka.

Ugumu wake ni ukavu. Watu wengi wanaligeuza swali kuwa uradi, "mimi ni nani, mimi ni nani," mpaka usingizi unawachukua. Swali hili linafaa likiulizwa mara moja kwa dhati, kisha likafuatwa na kutazama kimya.

Nisargadatta Maharaj (1897–1981) ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa na mke na watoto, akiuza bidi, zile sigara ndogo za majani, mtaani Bombay. Wageni walipanda ngazi hadi chumba kidogo cha juu nyumbani kwake Khetwadi, wakaketi wamebanana, naye akawajibu kwa ukali, mara nyingine huku akivuta. Mwalimu wake, Siddharameshwar Maharaj, aliyefariki mwaka 1936, alikuwa amemwelekeza ashikilie hisia ya "nipo" na kuacha mengine yote. Alifanya hivyo kwa uaminifu, na kwa maelezo yake mwenyewe ilimchukua miaka kama mitatu. Dunia ilimfahamu baada ya 1973, mazungumzo yake yalipochapishwa kwa Kiingereza kwa kazi ya Maurice Frydman.

Ramana anakutuma ukamtafute mwenye kusema "mimi". Nisargadatta anakuambia kaa na "nipo" mpaka yenyewe ikuachie. Nawafikiria akina mama wanaokwenda mwaloni Kirumba kununua dagaa. Mama anaamka saa tisa usiku. Kabla hajakumbuka deni la kikoba, kabla ya mtoto mwenye homa na bei ya jana, kuna upenyo mdogo sana ambapo yupo tu, bado hajawa mtu fulani. Nisargadatta anaelekeza pale pale, na kupaelewa hakuhitaji cheti chochote. Baadaye anakwenda mbali zaidi: hata huko "kuwepo" kumekuja pamoja na mwili na kutaondoka nao, na wewe ni kabla ya hapo. Maneno yake ya miaka ya mwisho, akiwa anaugua saratani ya koo, ni makali kupita kiasi kwa mtu aliyefiwa jana au anayelala na huzuni nzito. Aanze na ya mwanzo, yale ya "nipo", na ya mwisho ayaache mpaka awe imara.

Ramana naye alifariki kwa uvimbe wa saratani mkononi, baada ya kupasuliwa zaidi ya mara moja. Nalitaja kwa sababu wako wanaohubiri kwamba ukiamka hutaugua, biashara itanyooka na maadui watashindwa. Wakubwa hawa wawili hawakuahidi hayo, na miili yao haikupewa hayo.

Kwa anayeanza mwenyewe, bila mwalimu wa karibu, Ramana ndiye chaguo langu la kwanza. Nisargadatta ni wa pili, na kwa mtu wa biashara na familia anaweza kuwa wa kwanza.

Walimu wa kwenye simu

Nianze na jaribio la Douglas Harding, Mwingereza, msanifu majengo (1909–2007), kwa sababu linamaliza ubishi mwingi kwa muda mfupi. Nenda pale gati la Kamanga jioni, ukae ukitazama maji. Nyoosha kidole kuelekea Jiwe la Bismarck. Unaona nini? Rangi, umbo, ukubwa, ndege juu yake. Elekeza kidole kwenye kiatu chako, halafu goti, halafu kifua: kila mara unaona kitu chenye rangi na umbo. Sasa kigeuze kidole kielekee pale unapotazamia, usoni. Usitumie kumbukumbu ya kioo wala picha za simu. Tumia macho ya sasa hivi tu. Unaona uso? Kidole unakiona, kinaelekea kwako, lakini kinachoelekezwa hakina rangi, umbo wala mpaka. Ni uwazi, na ndani ya uwazi huo limo jiwe, yamo maji, kimo kivuko na watu wake.

Ndilo jaribio lote. Halidai uamini kitu, na ndiyo maana nalipenda. Udhaifu wake ni kwamba mtu anasema "eh, kweli" kisha anaondoka, maana limekuja kirahisi mno na hajui alifanyie nini. Lirudie. Lifanye ukiwa na mtu anayekuudhi mbele yako, uone kama kweli kuna nyuso mbili zinazokabiliana au kuna wa kwake tu.

Rupert Spira, aliyezaliwa 1960, alikuwa mfinyanzi kwa miaka mingi huko Uingereza. Alifundishwa na Francis Lucille, na mafundisho yao yana mizizi pia kwa Atmananda Krishna Menon (1883–1959) wa Kerala, aliyekuwa afisa wa polisi. Anakwenda polepole na kwa hoja. Anakuuliza, "Je, unafahamu?" Unajibu ndiyo. Anakuuliza tena: kabla hujajibu ndiyo, ulikwenda wapi kuhakikisha? Hukukwenda kwenye mwili wala kwenye wazo. Kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa hesabu, fundi anayependa kuona kila kiungo kimekaa sawa, huyu ndiye. Ubaya ni kwamba anaweza kukubakiza kichwani. Unamwelewa vizuri, unaweza hata kumfundisha mwenzako, ila ukifika nyumbani mkeo haoni tofauti.

Eckhart Tolle, Mjerumani aliyezaliwa 1948, alibadilika usiku mmoja akiwa na miaka 29, baada ya kuishi na huzuni kali kwa muda mrefu. Hajifungi kwenye dini wala ukoo wa walimu. Lugha yake ni nyepesi kuliko ya wote hawa, na kwa mtu aliyelemewa na wasiwasi anatoa nafuu ya kweli. Tatizo ni nafuu yenyewe. Mtu hutulia, akaridhika na kutulia, asiulize tena ni nani anayetulia.

Mooji alizaliwa Port Antonio, Jamaika, mwaka 1954. Alikuwa mwanafunzi wa Papaji, aliyefariki 1997 na ambaye naye alimfuata Ramana. Anafundisha kwa moyo, kwa nyimbo, kwa machozi na kicheko, na aliyekulia kwaya atajisikia nyumbani. Wa namna hiyo ninamwomba achunge jambo moja: akiona anamhitaji mwalimu zaidi kila mwezi unaopita, arudi kwenye swali la Ramana akae nalo peke yake.

Halafu wako wanaosema hakuna la kufanya kwa sababu hakuna mtu wa kulifanya. Tony Parsons wa Uingereza ndiye anayejulikana zaidi kwa msimamo huo. Siwezi kusema ni uongo. Ramana na Nisargadatta nao walitamka maneno yanayokaribiana na hayo, kwa mtu fulani, siku fulani. Ninachopinga ni kumpa mtu maneno hayo yawe chakula chake cha kwanza. Nimemsikia kijana akimjibu mama yake mzazi kwamba hakuna aliyekosa, kwa kuwa "hakuna mtu". Mama alikuwa analia. Fundisho linalompa mtu ruhusa ya kutoomba radhi limemwongezea ukuta mwingine kuzunguka yule yule "mimi" lililodai kumwondoa. Kijana asiye na kazi, aliyekata tamaa, akishaambiwa hakuna wa kufanya wala cha kufanya, atakubali haraka sana, na atakubali kwa sababu zisizo sahihi. Hapa sina uvumilivu.

Njia za ukoo: Vedanta, Dzogchen, Zen, Kashmir

Vedanta ya jadi, falsafa ya Kihindu, ile ya mwalimu Shankara wa karne ya 8, inafundishwa kwa mpango. Kwanza mwanafunzi anaandaliwa: apambanue cha kudumu na cha kupita, apunguze kung'ang'ania, ajenge utulivu na uvumilivu, awe na hamu ya kweli ya uhuru. Kisha anasikiliza Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, kutoka kwa mwalimu, anayachambua mpaka shaka ziishe, halafu anazama ndani yake. Mfano wao maarufu ni kamba inayodhaniwa nyoka gizani: nyoka hauawi, taa inawashwa tu.

Mfano ninaoupenda zaidi umo katika Upanishadi ya Chandogya. Uddalaka anamwambia mwanawe Shvetaketu aweke chumvi kwenye maji, aje kesho. Asubuhi anamwambia, ilete ile chumvi. Haionekani. Onja juu. Chumvi. Onja katikati, onja chini. Chumvi. Basi kile kisichoonekana kimo humo chote, na "wewe ndiye huyo." Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo jaribio linafanyika kwa maji ya hapa hapa, ila yachemshe kwanza kabla ya kuonja. Lifanye na watoto. Watakuuliza maswali ambayo video nyingi hazijibu.

Faida kubwa ya Vedanta ni ulinzi. Huwezi kurukia "mimi ni ukweli mkuu" bila kupita kwenye tabia yako. Gharama yake ni miaka, na mwalimu. Mwanza tuna mahekalu ya Kihindu na jamii ya Wahindu ya miaka mingi, lakini usitegemee kila hekalu kuwa darasa la Vedanta. Shughuli kubwa humo ni ibada na sikukuu. Ukienda, vua viatu, salimia, uliza kwa adabu.

Njia ya Kashmir, kaskazini mwa India, ni sura nyingine ya kutokuwa na wawili, na kwa watu wa soko naipa uzito kuliko inavyopewa kwa kawaida. Abhinavagupta, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa ya 11, na walimu waliomtangulia, hawakukubali kwamba ulimwengu ni wa kudhaniwa tu. Kwao ulimwengu ni halisi, ni mtetemo wa ufahamu wenyewe, na kuamka ni kujitambua tena ndani yake. Moja ya maandiko ya njia hiyo linatoa mbinu 112, na ya mwanzo inahusu pumzi: tazama pale pumzi inapogeuka, ilipoisha kuingia na haijaanza kutoka. Hii unaweza kuifanya Kirumba, ndoo kichwani, wapagazi wakikupigia kelele upishe njia. Kelele yenyewe imo ndani ya fundisho. Muuza samaki anayeambiwa kila siku kwamba sato na sangara wake ni mauzauza atachoka. Akiambiwa ni mng'ao wa kile kile anachokitafuta, ana sababu ya kumtendea mteja kwa heshima. Shida ni kwamba maandiko ni magumu na walimu wachache. Swami Lakshmanjoo wa Srinagar, mmoja wa wakubwa wa mwisho wa mapokeo hayo, alifariki 1991.

Dzogchen ni ya Watibeti, wa shule ya Kibudha ya Nyingma na wa dini ya Bön. Mwalimu anamwonyesha mwanafunzi hali ya akili ilivyo kabla ya kuguswa na mawazo, kisha mwanafunzi anajifunza kutoiacha. Longchenpa (1308–1364) aliiandika kwa uzuri wa ajabu. Wengi hupitishwa kwanza kwenye maandalizi yanayorudiwa mara 100,000 kila moja, kusujudu kukiwamo. Bila mwalimu hai, iache. Wenye njia yao wenyewe wanasema hivyo, na ni heshima kuwasikiliza.

Usiichanganye na Vedanta pia. Vedanta inasema ipo Nafsi ya kweli isiyobadilika. Mbudha anasema ukitafuta nafsi ya kudumu huikuti popote. Wamebishana kwa karne nyingi na hawakuwa wajinga. Ukichota nusu huku na nusu kule utapata fundisho lako binafsi ambalo hakuna mzee wa kukusahihisha.

Zen, njia ya Wabudha wa Japani, nitaipita. Ni kukaa kimya kwa saa nyingi, wima, kwa mtindo wa Dogen (1200–1253), au kusukumana na fumbo lisilo na jibu la akili chini ya mwalimu anayekukataa kila asubuhi. Inamfaa asiyependa maneno na mwenye magoti mazima.

Kama una msikiti au kanisa

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na ndipo ninapoona watu wakipoteza kilicho karibu kwa kukimbilia cha mbali.

Kwa Mwislamu, mlango umekuwepo pwani na bara kwa zaidi ya karne. Twarika ya Kadiria, udugu wa Masufi, ilienezwa sana Afrika Mashariki na Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909), na kutoka pwani ikaingia bara hadi Tabora. Murid, yaani mwanafunzi, ana sheikh, ana uradi, ana ndugu wa kukaa nao kwenye zikri. "La ilaha" inafagia, "illa Llah" inabakiza. Masufi wanazungumza juu ya fanaa, mja kutoweka machoni pake mwenyewe, kisha kubaki kwa Mola wake na kurudi sokoni kama kawaida. Fundisho la umoja wa kuwepo linalohusishwa na Ibn Arabi (1165–1240) linakaribiana sana na haya ya India, ingawa wenyewe wanashikilia kwamba mja hawi Mola. Wapo wanazuoni wanaolipinga kwa nguvu, tangu zama za Ibn Taymiyya hadi leo, na kijana anayeswali msikiti wenye msimamo huo lazima ajue anaingia wapi. Hallaj, sufi anayejulikana kwa kutamka "mimi ni Haki", aliuawa Baghdad mwaka 922, na alikuwa mtu wa ibada nyingi.

Kwa nini naipa zikri nafasi ya juu? Kwa sababu ya yule wa kukushika. Katika njia zote nilizotaja, hii ndiyo ambayo mtu wa Mwanza anaweza kumpata mwalimu aliye hai, anayesema Kiswahili, anayemjua baba yako, na atakayegundua ukianza kupotea. Hakuna video yenye uwezo huo.

Mkristo ana Meister Eckhart, Mdominika wa Ujerumani, aliyehubiri umoja wa roho na Mungu kwa ujasiri uliofanya baadhi ya kauli zake zilaaniwe na Papa mwaka 1329, yeye akiwa ameshafariki. Ana Henri Le Saux, mmonaki Mfaransa (1910–1973), aliyekwenda India, akakaa mbele ya Ramana, akaishi maisha yake yote yaliyobaki akiwa padre na mtafutaji, bila kuacha kimoja. Maandishi yake yanauma kwa uaminifu wake, hakujifanya kwamba mvutano haupo. Kwa vitendo, ipo sala ya kimya iliyoenezwa na Padre Thomas Keating (1923–2018): dakika 20 mara mbili kwa siku, neno moja takatifu la kurudia pale akili inapotangatanga. Nyumba za mafungo zipo, na mapadre na masista wanaojua sala ya namna hiyo wapo. Anza kwa kumuuliza paroko wako.

Maoni yangu: aliye na mizizi asijing'oe. Swali la Ramana linaingia ndani ya swala na ndani ya rozari bila kuvunja kitu. Ila usiende kwenye chakula cha Krismasi au cha Idi ukatangaza kwamba wewe na Mungu ni mmoja. Mama mkubwa atasikia kufuru, na kwa jinsi ulivyosema atakuwa amesikia sawasawa.

Nani asubiri kwanza

Mtu asiyelala siku nyingi, anayesikia sauti, anayejiona hayupo kwa namna inayomtisha, au anayewaza kujiua, asiingie kwenye kuhoji nafsi sasa. Hali ya kujiona si halisi inaweza kufanana kwa maneno na wanachoeleza walimu, ila haina utulivu wala upendo ndani yake, na inatibika. Bugando wana huduma ya afya ya akili. Aende huko kwanza, na ndugu wamsindikize. Ulizo la Ramana litamsubiri.

Nikilazimika kuchagua kwa ajili yako

Una dakika chache na hutaki dini mpya: jaribio la Harding, kisha Ramana. Unapenda hoja: Spira, lakini kila wiki muulize mtu wa nyumbani kama kuna kilichobadilika. Una duka na watoto: Nisargadatta wa "nipo". Unaishi kwenye kelele na unaipenda dunia: pumzi ya Kashmir. Moyo wako ni wa ibada: zikri au sala ya kimya, pamoja na watu wengine. Dzogchen na Zen, siku utakapompata mwalimu. "Hakuna mtu", baada ya miaka, kama kutakuwa na haja.

Ukichagua, kaa na njia moja mwaka mzima kabla ya kuihukumu. Kinachowachelewesha wengi ni kubadilisha kila mara jambo linapoanza kuwa kavu, na ukavu huja katika kila njia.

Wachache huniuliza kuhusu kwenda India. Hailazimu, lakini sitamkataza mtu. Tiruvannamalai iko kama kilomita 190 kutoka Chennai. Ashram ya Ramana, makao ya wafuasi wake, haitozi pesa za malazi, inaishi kwa sadaka, ila lazima uandike mapema kuomba nafasi na usitegemee kukaa muda mrefu mara ya kwanza. Nenda Januari au Februari. Aprili na Mei joto la huko linachosha hata mtu wa Shinyanga. Kuuzunguka mlima kwa miguu ni kama kilomita 14, na usiku wa mwezi mpevu umati ni mkubwa kiasi kwamba chumba mjini hukipati usipokishika mapema.